Swali la Ishirini na Tatu

Miaka kumi na mmoja dola zangu zililala
ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya vitenge vya mama.
Zilipofika elfu sita na mia nne
kopo likakataa kufunga.
Nikasema: basi. Nitafute nyumba, mtu mwingine aniongezee.

Si hapa. Bukavu naipenda
kama unavyompenda ndugu mlevi:
kwa moyo wote, ila pochi humwachii.
Huku Kadutu nyumba hazijengwi, zinaning'inia.
Mvua ya Aprili ilimshusha Mzee Cibalonza na kitanda chake
hadi jikoni kwa jirani;
akaamka akiuliza nani kahamisha dirisha.
Tulicheka. Jirani hakucheka.
Na kule Panzi kiwanja kimoja kina karatasi tatu,
kila karatasi ina muhuri,
kila muhuri una shangazi ofisini.

Nikapanda boti kwenda Goma.
Komisionere alipiga jiwe jeusi teke, akasema,
"Msingi huu kauchimba Mungu mwenyewe."
Nikainama. Ndani ya jiwe mlikuwa na uma,
uma wa mezani, umekabwa hadi shingoni.
Nikauliza: aliyekuwa akila yuko wapi?
Akapunguza bei.

Ikabaki Lubumbashi,
mbali kuliko nauli yangu.
Nilimtumia shemeji Ngoie maswali ishirini na mawili
naye akanijibu kwa sauti, akitembea kiwanjani,
nikisikia kandambili zake zikinata udongoni.
Ardhi? "Tambarare, shemeji. Ukiangusha chungwa
utalikuta palepale kesho."
Maji? "Yanakuja saa tisa usiku, kama mwizi."
Wapangaji? "Machimbo yakipumua, wanapigana mlangoni.
Shaba ikikohoa, unabaki na mlango."
Kodi? "Dola themanini, garanti miezi sita."
Uani?
"Kuna kichuguu kirefu kuliko bati. Usikibomoe upesi,
hicho ni ukuta wako wa baadaye.
Huku tofali hutoka tumboni mwa mchwa."

Kichuguu ndicho kilichoniteka.
Nililala nikikipima kwa tofali.

Tone likaniangukia shavuni.

Maana mimi mwenyewe ni mpangaji.
Mwenye nyumba wangu yuko Ubelgiji, miaka tisa sijamwona.
Ni kikohozi cha tarehe tano ya mwezi,
ni "nitatuma mtu,"
na mtu huyo hajawahi kuwa na miguu.
Nimemlaani kwa Kiswahili, nimemlaani kwa Mashi,
na siku ile ya homa, kwa Kifaransa safi
ambacho sikujua ninacho.
Nikaamka, nikaweka beseni, nikakaa kando yake.
Yale maswali ishirini na mawili
yote yalikuwa ya kwangu: pesa yangu, ukuta wangu, hofu yangu.
Hakuna hata moja lililolala chini ya bati lile.
Na umbali, nikaona, si kilomita.
Umbali ni muda
kati ya tone na jibu.

Asubuhi nikampigia Ngoie:
mtaani kwenu nani ana ngazi?
Akanyamaza, akadhani mtandao umekata.
"Ngazi? Fundi Kasanda, nyumba ya tatu.
Ya mbao. Haina kidato cha nne."
Mwambie, nikasema, dola tano kila mwezi ni zake,
mvua inyeshe, isinyeshe.
Na kidato nitalipa mimi.

Nikanunua.
Bado sijaiona. Nina picha moja, imepinda kidogo:
mlango wa bluu, kichuguu, na kivuli cha Ngoie akipiga picha.
Mpangaji ni Mama Kabedi, anawapikia bukari watu wa reli,
analipa kwa noti zinazonukia moshi, asema Ngoie.

Jana saa tano usiku simu ikalia. Namba ya Lubumbashi.
Nilikuwa nimebeba beseni limejaa
naenda kulimwaga.
Nikalitua sakafuni, maji yakanilowesha miguu,
nikapokea kabla ya mlio wa pili.